Warren Weaver: Aliyeuliza kama ujumbe umeeleweka

Umefika shuleni salama na kredo imeisha. Unamflash mama mara moja, unakata. Hakuna neno lililosemwa, lakini mama ametulia, kwa sababu mlikubaliana mapema. Je, umemtumia nini hasa?

Swali kama hilo lilimsumbua Warren Weaver kabla simu za mkononi hazijakuwepo. Alizaliwa 1894 huko Reedsburg, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani. Alifundisha hisabati, kisha kuanzia 1932 akasimamia masuala ya sayansi katika wakfu wa Rockefeller, akiamua utafiti upi upewe pesa.

Mwaka wa 1948, Claude Shannon wa maabara za Bell alitoa hesabu za kupima habari. Kwake kazi ya mhandisi ilikuwa kufikisha ujumbe vilevile ulivyotumwa. Maana aliiweka kando makusudi. Hesabu hizo zilipotoka kama kitabu mwaka uliofuata, Weaver aliandika sehemu ya kuwaelezea watu wa kawaida. Humo akauliza mambo matatu. Alama zimefika sawasawa? Zimebeba maana iliyokusudiwa? Na aliyezipokea amefanya ulichotaka?

Simu yako, kuanzia 2G hadi 5G, imejengwa juu ya swali la kwanza. Sasa watafiti wa 6G wanalirudia la pili. Badala ya kamera kutuma video nzima ya barabara na kumaliza bando, itume tu kwamba kuna mtoto anavuka. Rahisi, sivyo? Lakini pande zote mbili lazima ziwe na uelewa mmoja. Kama mama hajui makubaliano yenu, flash ileile itamfanya adhani uko taabani, na mtandao haujakosea popote.

Mwaka huohuo wa 1949 Weaver aliwaandikia wenzake waraka akipendekeza kompyuta zifundishwe kutafsiri lugha. Baadhi waliona ni ndoto.

Nyumbani alikuwa na uraibu wake: kukusanya tafsiri za hadithi ya Alice, ya Lewis Carroll. Mnamo 1964, miaka 14 kabla ya kufariki, alichapisha kitabu kuzihusu. Alichukua kipande kimoja chenye mizaha na mchezo wa maneno, kikarudishwa kwa Kiingereza kutoka lugha mbalimbali ili aone ni utani gani uliobaki. Kiswahili kilikuwemo, maana Elisi alikuwa ameshafika kwetu tangu 1940.