Earle MacPherson: Mhandisi aliyenyimwa gari dogo, jina lake likabaki chini ya magari ya Lubumbashi

Katika magaraji ya Katuba, Kenya na Kampemba, jina la MacPherson limezoeleka kama jina la kifaa. Ni ile nguzo ya mbele ya gari ndogo: amortisa iko katikati, resori imeizunguka, na yote inapanda juu kushikwa na mwili wa gari chini ya kapo. Wengi wanaoitaja hawajui kwamba MacPherson alikuwa mtu, Mmarekani aliyekufa mwaka 1960, mwaka uleule ambao Congo ilipata uhuru.

Maisha yake yanamhusu kila mwenye Corolla au Vitz ya okazioni inayoyumba kwenye kona na kugonga katika kila shimo. Anayetaka gari yake ishike barabara vizuri bila kumaliza mshahara anahangaika na swali lilelile ambalo MacPherson alilifanyia kazi: namna ya kulipa gari ya bei ndogo miguu ya gari kubwa.

Earle Steele MacPherson alizaliwa Julai 6, 1891 huko Highland Park, katika jimbo la Illinois. Alimaliza uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1915, akaenda Detroit na kuanza kazi katika kampuni ya Chalmers. Vita ya kwanza ya dunia ikampeleka Ulaya, ambako alishughulikia injini za ndege za jeshi. Aliporudi alipita Liberty, kisha Hupmobile, makampuni ambayo leo yanakumbukwa na wapenzi wa magari ya zamani tu. Mwaka 1934 aliingia General Motors, na muda si mrefu akawa kati ya wakuu wa usanifu katika tawi la Chevrolet.

Kazi iliyomjengea jina ilianza mwaka 1945. Vita ya pili ilikuwa inaisha, na wakubwa wa General Motors waliogopa kwamba Wamarekani watarudi nyumbani bila pesa za kununua magari makubwa. MacPherson akapewa mradi wa gari dogo lililoitwa Cadet. Masharti yalikuwa makali: bei isipite dola 1000, na uzito uwe karibu kilo 1000.

Wengine wangechukua gari kubwa na kulipunguza hapa na pale. MacPherson hakukubali kwamba mwenye pesa kidogo lazima atingishwe njia nzima. Alitaka kila gurudumu la Cadet lipande na kushuka lenyewe, bila kuvuta jirani yake. Shida ilikuwa gharama. Wakati ule magari mengi ya bei ndogo yalikuwa na ekseli moja nzito mbele, iliyokalia resori za mabamba. Yale ya bei kubwa yalikuwa na mikono miwili kwa kila gurudumu, mmoja juu na mmoja chini, pamoja na maungio yake yote.

Jibu lake lilikuwa kuondoa mkono wa juu. Amortisa, ambayo kazi yake ilikuwa kutuliza mruko wa resori tu, ikaongezewa kazi ya kulisimamisha gurudumu. Resori ikawekwa juu yake, usukani ukaizungusha nguzo nzima, na chini ukabaki mkono mmoja. Vyuma vikapungua, maungio yakapungua, na nafasi ya injini ikaongezeka. Wazo hilo halikutoka hewani. Mhandisi wa Fiat, Guido Fornaca, alikuwa ameandikisha kitu cha namna hiyo katika miaka ya 1920. Lakini MacPherson ndiye aliyelifanya kuwa jambo la kiwanda, la kutengenezwa kwa maelfu.

Cadet haikuuzwa hata moja. Mei 1947 General Motors iliufuta mradi. Chuma kilikuwa haba, faida ya gari dogo ilionekana nyembamba, na hofu ya wateja kukosa pesa haikutimia: watu walikuwa wanapiga mstari kununua magari makubwa. Kwa hesabu ya mwaka ule uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kwa hesabu ya miaka 30 iliyofuata, ni vigumu kuutetea.

MacPherson hakukaa kulia. Septemba mwaka huohuo alihamia Ford, mshindani mkubwa wa mwajiri wake wa zamani. Hapo kulikuwa na tatizo la kisheria. Ombi la hati ya uvumbuzi alilolipeleka mwanzoni mwa 1947 lilikuwa mali ya General Motors. Ilibidi achore upya, na mwaka 1949 Ford ikaandikisha mchoro wa pili. Wakubwa wa Ford huko Marekani, hata hivyo, hawakuutia kwenye magari yao makubwa. Waliouchukua walikuwa tawi la Uingereza. Oktoba 1950, katika maonyesho ya magari ya London, Ford Consul na Ford Zephyr zikaonyeshwa zikiwa na nguzo za MacPherson mbele.

Kwenye magari hayo ubahili wake ulionekana wazi. Fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ambayo inazuia gari lisilale kwenye kona, ilipewa pia kazi ya kuushika mkono wa chini usiende mbele wala nyuma. Kifaa kimoja, kazi mbili.

Afrika ya Mashariki iliijaribu kazi hiyo mapema. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na mwaka 1955 Vic Preston wa Kenya alishinda kwa Ford Zephyr. Baadaye ikaja Peugeot 404, gari ambalo wazee wa Congo hawahitaji kuelezwa. Nayo ilikuwa na nguzo hizo mbele, na ilishinda Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968, kwenye matope na vumbi ambavyo mtu wa barabara ya Kasenga anavijua.

Mwenyewe hakuyaona hayo ya 404. Alikuwa mhandisi mkuu wa Ford tangu 1952, akastaafu 1958, na mwaka 1960 akafariki akiwa na miaka 68. Mwaka huohuo ndipo 404 ilipoingia sokoni. Mwaka 1966, Elisabethville ilipobadilishwa jina kuwa Lubumbashi, Toyota ilitoa Corolla ya kwanza, nayo ilikuwa na nguzo za MacPherson mbele. Tangu hapo magari madogo ya Japani yaliyofuata njia hiyo ni mengi mno, ndiyo maana leo yamejaa barabara za mji.

Ubahili wa mchoro wake una faida na hasara kwa anayetengeneza gari leo. Faida ni kwamba vipande ni vichache, na kila kimoja kinabadilishwa peke yake. Hasara ni kwamba kila kipande kinabeba kazi nyingi. Fimbo ya amortisa inasukumwa pembeni kila gari linapokata kona, kwa hiyo ikichakaa, ubaya hauishii kwenye kuruka-ruka: gurudumu lenyewe linapoteza msimamo. Silambloki za mkono wa chini zikilegea, usukani unavuta upande wakati wa kufunga breki. Rotula ikichoka, kuna hatari ya gurudumu kukatika njiani, na hapo hakuna tena habari ya kubana matumizi.

Ndiyo maana mwenye pesa kidogo anapata zaidi kwa kuirudisha suspansioni katika hali aliyoichora MacPherson kuliko kwa kununua vifaa vya mapambo. Mpango wa pesa unaanzia chini: mipira mizuri yenye upepo sawa, silambloki na rotula, vile viungo vidogo vya ile fimbo ya kuzuia kulala, kisha amortisa. Amortisa hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, maana gari lenye mpya upande mmoja na nzee upande mwingine halitabiriki. Raba inayoshika nguzo juu, chini ya kapo, ikaguliwe siku hiyohiyo, kwani fundi ameshafungua. Mwisho ni paralelismu. Asiyefanya paralelismu baada ya kazi hiyo ataona mipira mipya ikiliwa upande mmoja.

Akibakiwa na pesa, fimbo nene kidogo ya kuzuia kulala inasaidia gari la MacPherson kuliko mengine. Gari likilala sana kwenye kona, gurudumu la nje linalala nalo, na mpira unashika barabara kwa ukingo tu. Kukata resori ili gari lishuke ni kinyume cha faida. Linaonekana kama la mashindano, lakini linakosa nafasi ya kupanda na kushuka, na shimo la kwanza la msimu wa mvua linaigonga amortisa hadi mwisho wake. Kuliinua kupita kiasi kwa kuweka vipande juu ya resori nako kunachosha kardani na kulifanya lilale zaidi.

Safari ya mwaka 1974 ilionyesha kwamba bei ya gari haimalizi mambo. Björn Waldegård wa Sweden alikuwa anaongoza na Porsche 911 hadi mkono wa suspansioni ulipovunjika. Aliyeshinda ni Joginder Singh wa Kenya, mtoto wa fundi wa magari, akiwa na Mitsubishi Lancer ndogo. Magari yote mawili yalikuwa na nguzo za MacPherson mbele.

Huko Detroit, ilichukua muda mrefu zaidi. Chevrolet, ambao waliifuta Cadet mwaka 1947, walitoa gari dogo la Citation mwaka 1979. Mbele lilikuwa na nguzo za MacPherson. Mwenyewe alikuwa kaburini karibu miaka 20.