Mwanafunzi wa Miaka Thelathini: Maisha ya Dkt. Albert Schweitzer (1875–1965)

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, jimbo la Alsace, ambalo wakati ule lilitawaliwa na Ujerumani na leo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji, na muda mfupi baadaye aliitwa kuhudumia Usharika wa Kilutheri wa kijiji cha Günsbach. Huko ndiko mtoto alikokulia, na alipofikia umri wa miaka tisa aliweza kushika nafasi ya mpiga kinanda katika ibada.

Mungu alimjalia vipawa vingi. Mwaka 1899 alipata udaktari wa falsafa, na mwaka 1900 digrii ya juu ya teolojia. Alihubiri katika Kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini Strasbourg, akafundisha teolojia katika chuo kikuu cha mji huo, na mwaka 1903 akawa mkuu wa chuo cha malezi ya wanateolojia cha Mtakatifu Thomas. Mwaka 1905 kilitoka kitabu chake kuhusu Johann Sebastian Bach, mtunzi mkuu wa muziki wa Kilutheri.

Hata hivyo, moyoni alibeba nadhiri ambayo wengi hawakuijua. Asubuhi moja ya Pentekoste mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 21, aliona kwamba si haki kuipokea furaha aliyopewa kana kwamba ni mali yake peke yake. Akaazimia kuishi kwa ajili ya elimu na muziki hadi atimize miaka 30, kisha kuwatumikia wanadamu kwa vitendo. Hakujua bado ni kwa njia gani.

Jibu lilimfikia mwaka 1904, aliposoma katika gazeti la Chama cha Misheni cha Paris makala juu ya upungufu wa watenda kazi nchini Gabon. Alikumbuka mfano wa tajiri na Lazaro. Kwake Ulaya, yenye waganga na dawa, ilikuwa yule tajiri, na Afrika ilikuwa maskini aliyelala mlangoni. Akaamua kusomea udaktari. Kwa miaka mingi alikuwa amehubiri upendo kwa maneno. Sasa alitaka kuutenda kwa mikono yake.

Mwezi Oktoba 1905 aliwaandikia ndugu na rafiki zake habari ya uamuzi huo, na wengi walimpinga vikali. Mwalimu wake wa kinanda, Charles-Marie Widor, alimlinganisha na jemadari anayetaka kwenda mstari wa mbele na bunduki begani. Mkuu wa kitivo cha tiba naye aliona afadhali ampeleke kwa mwenzake wa magonjwa ya akili. Tena kulikuwa na kikwazo cha sheria, maana mwalimu wa chuo kikuu hakuweza kuandikishwa kuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, na msikilizaji tu hakuruhusiwa kufanya mitihani. Hatimaye serikali ilikubali afanye mitihani kwa vyeti vya maprofesa aliohudhuria masomo yao, nao maprofesa wakamfundisha bila ada kwa kuwa alikuwa mwenzao.

Basi mwisho wa Oktoba 1905, asubuhi yenye ukungu mzito, profesa huyo alikwenda kusikiliza somo lake la kwanza la anatomia. Mwaka 1906 aliacha ukuu wa chuo na nyumba iliyoambatana na cheo hicho, akahamia vyumba vinne vidogo vya darini alivyopewa na kiongozi wa Kanisa la Kilutheri la Alsace. Mchana alijifunza anatomia, fiziolojia na kemia. Pamoja na hayo aliendelea kufundisha teolojia, kuhubiri karibu kila Jumapili na kusafiri kwenda Paris kupiga kinanda. Mara nyingi usingizi wake ulikuwa wa saa chache, na uchovu wa miaka ile aliukumbuka maisha yake yote.

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja Mei 1908. Kumbukumbu ya mtu aliyepita miaka 30 haikuwa tena kama ya kijana, naye alipenda kuzama katika sayansi yenyewe kuliko kukariri majibu. Wanafunzi wenzake, waliokuwa wadogo kwake kwa miaka mingi, ndio waliomshawishi ajiunge na kundi lao la kujisomea maswali ya mitihani. Mwalimu alikubali kufundishwa na vijana, na akafaulu vizuri kuliko alivyotarajia.

Mtihani wa mwisho wa serikali aliumaliza Desemba 1911. Ada yake aliilipa kwa fedha alizopata kwa kupiga kinanda katika tamasha la muziki mjini Munich. Baadaye alifanya mwaka wa mazoezi hospitalini, akajifunza magonjwa ya nchi za joto mjini Paris, na mwaka 1913 akapata shahada ya udaktari wa tiba.

Wakati huo Chama cha Misheni kilikuwa na wasiwasi, kwa sababu maandiko yake juu ya maisha ya Yesu yalitofautiana na mafundisho yaliyozoeleka. Alipokelewa awe daktari tu, naye aliahidi kunyamaza katika mambo ya mafundisho. Gharama za hospitali alizichangisha mwenyewe kwa washarika wa Mtakatifu Nikolao, marafiki na maonyesho ya muziki. Mkewe Helene, waliyefunga naye ndoa mwaka 1912, alikuwa amesomea uuguzi ili wahudumu pamoja.

Waliondoka Günsbach siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Machi 1913, na katikati ya Aprili walifika Lambaréné, kando ya Mto Ogooué. Chumba chake cha kwanza cha matibabu kilikuwa banda la kuku. Wagonjwa walikuja kwa mitumbwi wakiwa na malaria, malale, ukoma, ngiri na vidonda, na katika miezi tisa ya kwanza alitibu karibu watu 2,000. Kazi hiyo isingewezekana bila Joseph Azoawani, msaidizi na mkalimani wake, aliyewahi kuwa mpishi na kuvitaja viungo vya mgonjwa kwa majina ya nyama za jikoni. Wamisionari wa pale, walipomwona kazini, walimfungua kutoka katika ahadi yake, akahubiri tena.

Vita Kuu ya Kwanza ilimwondoa Lambaréné mwaka 1917, lakini alirudi mwaka 1924 na kujenga upya. Fedha za Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952 zilisaidia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Hakuwa mtu asiye na kasoro. Waafrika wengi wamemlaumu, na kwa haki, kwa kujiona kaka mkubwa mbele yao badala ya kuwaona sawa naye. Alifariki tarehe 4 Septemba 1965 akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa Lambaréné.

Kijana anayekesha leo juu ya vitabu vya tiba au uuguzi, na mzee anayedhani wakati wake wa kujifunza umepita, wote wanaweza kumkumbuka profesa huyu. Kabla ya kuwagusa wagonjwa wa Ogooué, alikaa zaidi ya miaka sita kwenye viti vya wanafunzi, na ibada hiyo ya kimya aliihesabu kuwa sehemu ya utumishi wake.