Al-Zahrawi na hofu ya mgonjwa wa jino

Abul-Qasim al-Zahrawi, bingwa wa upasuaji, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa takriban mwaka 936 Madinat al-Zahra, Andalusia. Katika juzuu ya mwisho ya kitabu chake al-Tasrif, chenye juzuu 30, anawalaumu vinyozi wang'oao meno kwa pupa: maumivu humhadaa mgonjwa, likatoka jino zima, bovu likabaki. Kwa wenye hofu alieleza kisu ambacho makali yake yamefichwa, jipu lipasuliwe kabla hawajashtuka. Ni hila, lakini ya huruma. Sisi wazazi huwakamata watoto kwa nguvu. Sindano ya ganzi, inayopatikana leo Unguja hata Singida, yeye hakuijua. Alifariki takriban 1013, na Ulaya ikasomea kitabu chake karne kadhaa.