Baden-Powell: Jenerali aliyewaachia vijana uamuzi

KATIKA makaburi ya kanisa la St Peter's mjini Nyeri, pana kaburi lililochorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo maskauti huiweka njiani kumjulisha anayefuata kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Hapo ndipo alipozikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki mnamo Januari 8, 1941 akiwa na umri wa miaka 83.

Wengi humkumbuka kwa kofia pana, skafu na saluti ya vidole vitatu. Hata hivyo, urithi wake mkubwa kwa shule haumo katika sare. Umo katika njia aliyoibuni ya kuwafanya vijana wakae pamoja, wapime jambo, waamue na kuyabeba matokeo ya uamuzi wao.

Baden-Powell alizaliwa jijini London mnamo Februari 22, 1857. Babake, aliyekuwa kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mwaka wa 1860. Mamake, Henrietta Grace, ndiye aliyeubeba mzigo wa kuwalea watoto.

Katika shule ya Charterhouse, Robert hakuvuma kwa masomo. Karibu na shule palikuwa na kichaka ambacho wanafunzi hawakuruhusiwa kuingia. Humo ndimo alimojifunza kunyemelea wanyama, kusoma nyayo na kuwasha moto usiofuka moshi, walimu wasije wakamgundua.

Mwaka wa 1876 alijiunga na jeshi na kupelekwa India. Aliporejea huko kama kamanda mnamo 1897, aliwafunza askari upelelezi katika vikundi vidogo, kwani mpelelezi huwa mbali na mkubwa wake na hana budi kujiamulia. Mafunzo hayo aliyaandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1899.

Safari yake ya kijeshi barani Afrika ina madoa. Alishiriki katika msafara wa Waingereza dhidi ya Ashanti mnamo 1895 na 1896. Mwaka huo wa 1896, katika vita vya Matabele, aliamuru kiongozi wa Kiafrika aliyekuwa mateka, Uwini, apigwe risasi. Uchunguzi wa jeshi ulimwondolea lawama, lakini tukio hilo lingali linajadiliwa na wanahistoria hadi leo.

Sifa zilimjia Mafeking, Afrika Kusini, alikozingirwa na majeshi ya Makaburu kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Waafrika waliokuwa ndani ya mji huo waliteswa na njaa kuliko Wazungu. Wakati huo huo, wavulana wa mji walipangwa katika kikosi cha kupeleka ujumbe na kuwasaidia askari. Baden-Powell aliona kwamba mtoto akikabidhiwa kazi ya kweli, huifanya kama mtu mzima.

Aliporudi Uingereza, alikuta walimu na viongozi wa vijana wanakitumia kitabu chake cha kijeshi kufundishia watoto. Akaamua kuandika kingine kwa ajili yao, lakini kwanza alitaka kuyapima mawazo yake.

Jaribio hilo lilianza Agosti 1, 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Aliwakusanya wavulana wapatao 20. Baadhi walitoka katika shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Katika Uingereza ya wakati huo, hao hawakuwa watu wa kula sahani moja.

Aliwagawanya katika vikundi vinne: Mbwamwitu, Fahali, Kunguru na Sululu, yule ndege wa ufuoni mwenye mdomo mrefu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, mvulana kama wao. Ikifika zamu yao, vijana wa kikundi walitoka kambini na kulala peke yao, wakijipikia na kujiwekea walinzi. Jenerali mwenyewe aliwanyatia gizani kupima iwapo walinzi wao wako macho.

Zoezi hilo lilikuwa na siri yake. Mahali pa kulala, moto na zamu za ulinzi ni mambo madogo, lakini yote hudai uamuzi, na asiyeamua hulala njaa. Kundi la watu sita au wanane halina pembe ya kujifichia mvivu, wala mwenye sauti ndogo hamezwi na umati.

Kitabu chake cha uskauti kilianza kutolewa kwa sehemu mnamo Januari 1908, na vijana wakaanza kujiundia vikundi bila kungoja watu wazima. Wasichana nao walidai nafasi yao, na mwaka wa 1910 shirika lao likaanzishwa chini ya Agnes, dadake. Mwaka huo huo Baden-Powell alistaafu jeshini, na uskauti ukafika Kenya.

Mpango wa vikundi uliendelea kukomaa. Viongozi wa vikundi walikuwa na baraza lao, lililoamua ratiba, kambi, tuzo na adhabu. Mlezi wao mtu mzima aliketi humo kama mshauri, lakini hakupiga kura. Mwaka wa 1919 kituo cha kuwafunza walezi kilipofunguliwa huko Gilwell Park, walezi nao walipangwa katika vikundi hivyo hivyo, waonje wenyewe kazi ya kuafikiana.

Lakini mwanzilishi huyo hakuivuka mipaka yote ya enzi yake. Alipozuru Afrika Kusini mnamo 1936, ulikubaliwa mpango wa kuwa na matawi tofauti kwa rangi tofauti. Vijana waliofunzwa kuamua pamoja walinyimwa nafasi ya kuamua pamoja na majirani zao. Njia yake ilimshinda mwenyewe kwa upana, kwani leo uskauti una wanachama zaidi ya milioni 50 wa kila rangi.

Mnamo 1938 alihamia Nyeri na mkewe, Olave, wakaishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Olave alifariki mwaka wa 1977 nchini Uingereza, na majivu yake yakaletwa kuzikwa kando ya mumewe.

Mtaala wa umilisi unaofuatwa nchini umeutaja ushirikiano miongoni mwa stadi za msingi. Hata hivyo, kuwaketisha wanafunzi meza moja hakutoshi. Mara nyingi mwalimu huwa amekwisha kuamua kila kitu, mwanafunzi mmoja hodari akaifanya kazi yote, na wengine wakaandika majina yao tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vitano navyo havina faida iwapo vinne vimefungwa. Mwalimu anayetaka wanafunzi wajue kuamua hana budi kuwapa jambo la kweli la kuamua, kisha avumilie kuketi barazani bila kura.