Georges Vézina: Mlinda Lango Asiyeacha Lindo

Katika kila mchezo wenye lango yupo mchezaji mmoja anayefanana na askari wa zamu. Wenzake waweza kukosea wakasamehewa. Yeye akikosea, kosa lake huandikwa ubaoni. Leo tunasimulia maisha ya mlinda lango wa Kanada, Georges Vézina, ambaye kwa karibu miaka 15 hakukosa zamu hata moja.

Alizaliwa Januari 21, 1887, mjini Chicoutimi, jimbo la Quebec, miongoni mwa watu wasemao Kifaransa. Huko majira ya baridi ni marefu, na vijana hucheza mpira wa magongo juu ya barafu, wakiteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma chini ya nyayo. Mpira wenyewe si wa mviringo. Ni kisahani kizito na kigumu, kinachoruka kwa nguvu kama jiwe la kombeo. Vézina alianza kulinda lango kwa viatu vya kawaida, na hivyo vya kutelezea alivizoea ukubwani.

Februari 1910 timu ya Canadiens ya mji mkubwa wa Montreal ilizuru Chicoutimi, ikashindwa kupata bao hata moja. Mlinda lango wa wageni hao, Joseph Cattarinich, ndiye aliyeshauri kijana huyo achukuliwe, ingawa nafasi iliyotakiwa ilikuwa yake mwenyewe. Desemba 31, 1910, Vézina akasimama langoni mwa Canadiens kwa mara ya kwanza.

Zama hizo walinda lango hawakuvaa kinyago cha kukinga uso. Tena, hadi Januari 1918, sheria iliwakataza kujiangusha ili kuzuia mpira; walipaswa kupokea kila shambulio wakiwa wima. Vézina hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa papara. Kwa ubaridi huo wa moyo mashabiki walimpa jina la Tango la Chicoutimi. Akiwa langoni, timu yake ilitwaa Kombe la Stanley mwaka 1916 na tena mwaka 1924. Alicheza mechi zaidi ya 360 mfululizo.

Katika mwaka 1925 mwili wake ulianza kukonda, lakini hakumlalamikia mtu. Novemba 28 aliingia uwanjani akiwa na homa kali. Baada ya kipindi cha kwanza alitapika damu; hata hivyo alirudi langoni, na katika kipindi cha pili akaanguka juu ya barafu. Waganga walikuta ni kifua kikuu. Wakati huo dawa ya kuua vijidudu vya maradhi hayo ilikuwa bado haijapatikana. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943. Mgonjwa alirejea kwao Chicoutimi, akafariki Machi 27, 1926, akiwa na umri wa miaka 39.

Yafaa tumsifu mtu huyo, lakini tusifiche upande wa pili. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na chumba cha wachezaji, kama bweni la kambi, ni mahali pa kuvuta pumzi moja. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Leo maradhi hayo yana tiba, na askari anayekohoa kwa majuma akanyamaza hailindi kambi yake, huihatarisha. Kumwona mganga mapema nako ni kulinda lango.

Baada ya kifo chake wenye timu walitoa tuzo yenye jina lake, na mmoja wao alikuwa Cattarinich, yuleyule aliyempisha langoni. Hapo mwanzo ilitolewa kwa walinda lango wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi. Tangu msimu wa 1981-82 hupewa yule anayechaguliwa kuwa bora katika ligi. Hivyo kila mwaka jina la mtu huyu mkimya hutajwa tena, naye mlinzi mwingine hupokea zamu.