Luigi Broglio, Mtaliano aliyeifanya Ngomeni kuwa bandari ya anga

Anayetoka na chombo Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, huona vyuma vikubwa vimesimama katikati ya maji ya Ghuba ya Ungwana. Wageni wengi hudhani ni mitambo ya kuchimba mafuta. Hawajakosea sana, kwa sababu kimoja kati ya vyuma hivyo kilitoka kwenye kazi hiyo. Lakini kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti 9 zilirushwa angani kutoka hapo, na zote zilifika. Aliyebuni mpango huo na kuusimamia kwa miaka thelathini ni Luigi Broglio, profesa na afisa mhandisi wa jeshi la anga la Italia.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, huko Mestre, mji unaopakana na Venice. Alisomea uhandisi mjini Rome, na baada ya vita vikuu vya pili akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha La Sapienza. Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya chuo hicho. Miaka michache baadaye jeshi la anga lilimpa kazi ya kuanzisha utafiti wa roketi, na majaribio yakaanza katika kisiwa cha Sardinia.

Mwaka 1961 aliipelekea serikali ya nchi yake wazo ambalo wengi wangeliona kubwa kuliko uwezo wake: Italia iwe na setilaiti yake, na iirushe yenyewe kutoka kwenye mstari wa ikweta. Mpango huo aliuita San Marco, jina la mtakatifu mlinzi wa Venice. Serikali ilikubali mwaka huohuo.

Shida ni kwamba Italia haikuwa na roketi ya kufikisha setilaiti angani, wala haikuwa na ardhi kwenye ikweta. Mtaji wake pia ulikuwa mdogo ukilinganishwa na wa Marekani au Muungano wa Kisovieti. Broglio alifanya anachofanya mfanyabiashara mwenye akili na fedha chache: akakusanya kilichokuwepo kwa watu wengine. Marekani, kupitia shirika lake la anga NASA, ingetoa roketi za Scout na mafunzo. Italia ingetoa setilaiti, wataalamu na mahali pa kurushia. Makubaliano hayo yalifikiwa mwaka 1962.

Mahali penyewe palipatikana baharini. Kampuni ya mafuta ya taifa ya Italia, ENI, ilitoa jukwaa la kuchimbia mafuta lililopewa jina la Santa Rita. Jukwaa la pili, San Marco, awali lilikuwa tishari la jeshi la Marekani. Lilifanyiwa matengenezo Italia, kisha likavutwa hadi pwani ya Kenya na kusimamishwa kwa miguu ya chuma. Roketi ilisimama San Marco, na waliokuwa wakiiongoza walikaa Santa Rita. Nyaya ziliyaunganisha majukwaa hayo mawili.

Kwa nini Ngomeni? Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta mzunguko huo una kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, kasi hupungua. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupewa msukumo huo bure, kama lori linaloteremka mlima. Kwa mafuta yaleyale hubeba mzigo zaidi. Tena mashariki mwa Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, hivyo vipande vya roketi vilivyokwisha kazi vilianguka majini, mbali na makazi ya watu.

Broglio hakurukia moja kwa moja. Machi 1964 roketi ndogo za majaribio zilirushwa kutoka Santa Rita. Desemba 15 mwaka huo, setilaiti ya San Marco 1 ilirushwa kutoka Wallops Island, Marekani. Waliosimamia urushaji walikuwa Wataliano waliofunzwa na NASA. Italia ikaingia katika orodha fupi ya nchi zilizokuwa na setilaiti. Aprili 26, 1967, San Marco 2 ikapaa kutoka Kenya.

Kazi ya setilaiti hizo ilikuwa kupima hewa nyepesi sana iliyopo mamia ya kilomita juu ya ardhi. Hewa hiyo, japo ni kidogo mno, huikwamiza setilaiti pole pole mpaka ikaanguka. Isitoshe, hutanuka au kusinyaa kufuatana na nguvu za jua. Kifaa cha kuipima alikibuni Broglio mwenyewe: tufe lenye ganda la nje na kiini cha ndani, vilivyounganishwa kwa springi laini. Hewa iliposukuma ganda, springi zilisogea kidogo, na kusogea huko kukapimwa. Bila kuijua hewa hiyo, ni vigumu kukadiria setilaiti ya hali ya hewa au ya mawasiliano inayopita chini itadumu angani kwa muda gani.

Urushaji uliotangaza zaidi jina la pwani ya Kenya ulikuwa wa Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru. Mzigo ulikuwa setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Miale hiyo huzuiwa na hewa ya dunia, kwa hiyo darubini ya ardhini haiioni. Kwa kuwaenzi wenyeji, iliitwa Uhuru. Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo na kusaidia kutambua kimojawapo, Cygnus X-1, kuwa na shimo jeusi. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Setilaiti nyingine zilifuata, za Italia, Marekani na Uingereza. Ya mwisho ilirushwa Machi 25, 1988. Wakati huo roketi ya Scout ilikuwa imezeeka. Broglio alitaka iongezwe nguvu ili kazi ya Ngomeni iendelee, lakini wakala mpya wa anga wa Italia haukuufuata mpango wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliachia uongozi wa San Marco. Alifariki mjini Rome Januari 14, 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Kituo hicho sasa kina jina lake.

Majukwaa yalinyamaza, ila antena za nchi kavu ziliendelea kuwasiliana na setilaiti za mataifa mbalimbali. Hapo ndipo malalamiko yalipokolea nchini Kenya. Bahari na ikweta ni mali ya nani, na mwenyeji anapata nini? Wanasiasa na wataalamu walisema fedha na ujuzi uliobaki nchini ni mdogo. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya wenye vipengele vya mafunzo na matumizi ya takwimu za setilaiti.

Matunda yalianza kuonekana mwaka 2018, pale setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilipoachiwa angani kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Mshirika wake alikuwa La Sapienza, chuo alikofundisha Broglio. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, setilaiti ya kuangalia ardhi, mazao na mazingira. Hiyo ilibidi isafirishwe hadi California, Marekani, ndipo irushwe. Ngomeni bado iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na msukumo ule wa bure alioufuata Broglio bado upo palepale.