Bodelschwingh, mchungaji wa wenye kifafa

Tunamkumbuka Friedrich von Bodelschwingh, mchungaji Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1831. Januari 1869 yeye na mke wake Ida walizika watoto wao wanne kwa muda wa majuma mawili hivi. Mwaka 1872 aliitwa kuongoza nyumba ya wagonjwa wa kifafa karibu na mji wa Bielefeld, iliyoanzishwa 1867. Ilipewa jina Betheli, nyumba ya Mungu.

Wakati ule wenye kifafa wengi walifichwa nyumbani ao kufukuzwa. Bodelschwingh hakutosheka kuwapa chakula na kitanda. Watoto walifundishwa, na wakubwa walipewa kazi kadiri ya nguvu zao. Alifariki mwaka 1910. Wamisionari wa Betheli walikuwa wamekwisha kufika Usambara, na mwaka 1907 Rwanda, ng'ambo ya ziwa letu Kivu.

Hapa Bukavu tunazo shule nyingi za Kiprotestanti, na bado tunaona watoto wanaorudishwa nyumbani kwa sababu walianguka darasani na wenzao wakaogopa povu. Kifafa hakiambukizi. Mtoto akianguka, tuondoe vitu vigumu karibu naye, tumlaze ubavu, tusimtie kitu mdomoni. Akiamka apumzike, kisha arudi kwenye benchi lake. Mwalimu ajue saa ya dawa yake.

Haya hayaombi franga nyingi. Yanaomba sisi wachungaji tuzungumze na wakuu wa shule zetu mbele masomo hayajaanza.